Uzito wa Mkaguzi

Jumatatu asubuhi, nesi wa ghorofa ya tatu alipokuwa akibadilisha shuka, aliona kitanda cha mkaguzi wa mizani kimezama sakafuni mpaka usawa wa magurudumu. Aliandika kwenye faili: kitanda kimeshuka, mgonjwa amekunywa chai.

Mkaguzi mwenyewe hakushangaa. Kwa miaka thelathini alizunguka madukani kuhakikisha kilo ya muuza sukari ni kilo kweli.

"Ni maumivu," alimwambia binti yake. "Saratani ilipoingia kwenye mifupa yalikuwa kilo arobaini. Sasa yamepita mia mbili. Nimechoka kuyabeba, mwanangu. Nataka nisaidiwe nife."

"Baba, usiniambie mimi maneno hayo."

"Nimwambie nani? Daktari anasema sheria imemfunga mikono."

Mswada wa kuruhusu jambo hilo ulikuwa bungeni ukijadiliwa, na watu walivutana kwelikweli. Wengine walisema uhai si mali ya mtu. Wengine waliogopa kwamba wagonjwa maskini watasukumwa waage dunia mapema. Hofu hizo hazikuwa za kijinga, na binti alikuwa nazo zote. Lakini masikio pia alikuwa nayo, na alimsikia baba yake akisaga meno. Kamati ya Bunge ilipotangaza kwamba kabla ya kura inataka kumsikia mgonjwa mmoja kwa kinywa chake, binti alilia siku mbili, kisha akaipelekea jina la baba yake: ghorofa ya tatu, kitanda cha saba.

Kamati ilipofika, kitanda kilikuwa kimeshapenya na kutua ghorofa ya pili, wodi ya wazazi, katikati ya vichanga. Katibu wa kamati alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni ilitaka shahidi asikilizwe mahali palipoandikwa kwenye wito. Alipiga magoti kando ya shimo, akachungulia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Shukeni basi, si mnaniona?"

"Tunakuona, mzee, lakini wito unasema ghorofa ya tatu. Tutakuandikia mwingine."

Wito mwingine ulichukua wiki tatu kupata sahihi zote. Ulipofika ghorofa ya pili, mkaguzi alikuwa ghorofa ya chini, kwenye chumba cha dawa, na mfamasia alikuwa amezoea kumzunguka. Wito wa tatu ulielekezwa huko, ukakuta shimo tu. Mgonjwa alikuwa ameshapita msingi wa jengo, na binti alikuwa akimteremshia maji kwa kamba.

"Andika basi chini ya jengo!" binti alimfokea katibu. "Kalamu si unayo?"

"Dada yangu, chini ya jengo si anwani."

Kamati iliripoti kwamba imemwita mgonjwa mara tatu na hakupatikana. Bunge likapumua, mswada ukaondolewa mezani, na wabunge wakahamia kwenye mjadala wa barabara.

Hospitali ilifunika shimo kwa bati zito, watu wasije wakatumbukia, na juu yake ikaweka benchi la wanaosubiri dawa. Kila jioni binti huja akawaomba wasogee kidogo, nao husogea bila kuuliza. Huinua bati, huteremsha maji, hungoja mpaka kamba ilegee.

"Wamesemaje?" baba huuliza kutoka chini, kwa sauti ndogo.

"Bado wanajadili, baba."

"Haya. Waambie wasichelewe."

"Nitawaambia," binti husema, na kurudisha bati.