Kusikiliza Betri

Betri ya gari ikijaa hunong'ona. Ukisogeza sikio karibu na vifuniko vyake utasikia maji yakichemka taratibu, kama uji ulioepuliwa punde. Hapo fundi anajua kazi imekwisha. Nilimfundisha jambo hilo mdogo wangu Malimi, na kwa kuwa nilimfundisha mimi, hakulisahau.

Nilikuwa fundi umeme kwenye kinu cha pamba cha ushirika, Bariadi, kwa miaka kumi na tisa. Nilianza nikiwa mfagiaji. Nikajiandikisha shule ya jioni, na kila siku baada ya kazi nikaketi kwenye dawati la watoto, magoti yakigonga ubao, mpaka nikapata cheti cha umeme. Tulianza kumi na wanne, tukamaliza wawili. Siyaandiki haya kwa kujisifu tu. Ni lazima ieleweke kwa nini watu waliniamini. Waliniita Profesa, nami sikuwakataza.

Ilipokuja ruksa ya biashara huria, wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na malori yao, na kinu chetu kikanyamaza. Nikafungua kibanda cha kuchaji betri sokoni kwa jenereta. Malimi, aliyekuwa dereva wa lori la ushirika, alirudi nyumbani akakaa miaka miwili bila usukani mkononi. Mkewe Specioza alilima, naye alimsaidia, lakini jembe halikuwa kazi yake na kila mtu aliliona hilo. Akisikia lori linabadilisha gia mlimani, alisimama na jembe begani mpaka sauti ipotee.

Ruksa hiyohiyo ndiyo iliyoleta vigari vya rimoti. Vilikuja kutoka Mwanza ndani ya mizigo ya mitumba, vikubwa kiasi cha mkate, kila kimoja na betri yake ndogo ya kuchaji. Kasmiri, mwenye duka la dawa za mifugo pale Nyalikungu, Maswa, alipata cha kwanza. Malimi akabadilisha mbuzi wawili kwa cha pili.

Sasa sisi Wasukuma hatuwezi kuwa na vitu viwili vya aina moja tusivishindanishe. Na tulivishindanisha kama tunavyoshindanisha ngoma za Bagika na Bagalu, ambazo huanza pamoja uwanjani na ushindi huenda kwa upande unaodumu na watu wake mpaka mwisho. Mbio zetu hazikuwa za kasi. Vigari vilizunguka sakafu ya saruji ya kuanikia pamba pale kinuni, na kile kilichobaki kikitembea baada ya mwenzake kuzima ndicho kilichoshinda. Kwa hiyo mshindi halisi hakuwa dereva. Alikuwa mchaji. Na mchaji wa Bariadi nilikuwa mimi.

Tulishindwa mara tatu mfululizo.

"Profesa!" Kasmiri alinipigia kelele mara ya tatu, mbele ya watu wote. "Kigari chenu kimekata roho watu hawajamaliza karanga! Au kule shule ya jioni hamkufika kwenye sura ya betri?"

"Subiri Jumapili ijayo," nilimjibu.

"Nitasubiri, babu. Ila njoo na jeneza dogo la kukizikia."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Malimi naye alicheka. Mimi sikucheka.

Katikati ya wiki hiyo Malimi alipata barua. Kampuni mpya ya kununua pamba ilikuwa inataka madereva wa lori, wazoefu. Afike Jumatatu asubuhi kwa majaribio ya kuendesha na kupimwa macho. Aliisoma barua ile akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa, kisha akaikunja akaiweka ndani ya Biblia ya mkewe ili isipate vumbi.

"Shemeji," Specioza aliniambia, "Jumapili mwache apumzike. Mashindano yapo tu. Kazi haiji mara mbili."

"Ni saa moja tu ya mchezo, mama Salu," nikamwambia. "Atapumzika vipi akiwa amechekwa?"

Aliyekuwa amechekwa ni mimi.

Betri ya kigari ilikuwa na vipande sita vya chuma vilivyounganishwa, vimefungwa kabisa, bila kifuniko cha kuongezea maji. Ubavuni kulikuwa na maandishi ya Kiingereza: ichajiwe kwa umeme mdogo, saa kumi na nne, isizidishwe. Niliyasoma vizuri. Nilichofikiri ni kwamba watu wa kiwandani huandika hivyo kwa ajili ya wasiojua. Kwenye vichwa vya vipande vile niliona vitundu vidogo sana. Nikavipaka gundi visiingie vumbi, kisha nikaizungushia betri mpira wa tyubu ya baiskeli, nikaubana kwa nguvu isitikisike. Leo najua vitundu vile vilikuwa pua zake.

Kwa kawaida niliichaji kutoka kwenye betri ya gari, nikipitisha umeme kwenye balbu ndogo ya taa ya namba ili uingie kidogokidogo. Jumamosi nilifanya hivyo. Jumapili alfajiri ilikuwa imeshajaa, vuguvugu kama yai chini ya kuku anayeatamia. Nikatoa balbu ndogo, nikaweka ya indiketa, inayopitisha umeme mara nne. Nikasema itaingia ya akiba. Nikavaa koti nikaenda misa, na misa ya siku hiyo ilikuwa na ubatizo, ikawa ndefu.

Tuliporudi kibandani, mimi, Malimi na Specioza, Kasmiri na watu wake walikuwa wameshafika kinuni. Tulisikia firimbi zao. Malimi akachomoa waya, akaishika betri, akaihamisha mkono huu kwenda mkono ule.

"Kaka, inachoma hii."

"Imeshiba."

"Imeshiba au imeungua?"

"Malimi, nimechaji betri tangu hujaota ndevu. Sikiliza, utaniambia."

Akaiinua karibu na sikio la kulia kama nilivyomfundisha. Akakunja uso.

"Hainong'oni," alisema. "Inapiga mluzi."

Akaigeuza aitazame.

Mlio wa kupasuka kwake haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama chupa ya soda inayofunguliwa kwa meno. Malimi akaanguka kwa magoti, mikono yote miwili kwenye jicho la kulia, na mpira wa tyubu ukabaki unafuka moshi miguuni pake.

Kwenye kibanda changu kulikuwa na pipa la maji safi ya kupozea jenereta, limejaa, hatua mbili kutoka alipopiga magoti. Lakini kulikuwa pia na kopo la magadi. Kila mchaji betri huku kwetu analo. Magadi hutoka upande wa Meatu, na kazi yake ni kuua tindikali. Tindikali ya betri ikikurukia, unapaka maji ya magadi na inakufa. Hiyo ilikuwa sura ya saba ya kitabu chetu, na katika mtihani niliijibu bila kosa.

Nikakoroga magadi mazito.

"Shemeji, tummwagie maji tu!" Specioza alikuwa ameshachota kwa kata.

"Weka chini! Hii ni kemia, si kuosha vyombo."

Nikamlaza mdogo wangu chali, nikamfungua jicho kwa vidole vyangu, nikamimina. Alipiga ukelele ambao sijausikia kwa mtu mwingine.

"Kaka, inazidi! Inazidi, kaka!"

"Vumilia. Ndiyo inafanya kazi."

Nikamimina tena. Nilimimina mara tatu, na Specioza akanishikia kichwa cha mumewe kwa sababu nilimwamuru.

Hospitalini daktari Elia aliniuliza ni betri ya aina gani. Nikamtolea mabaki yake mfukoni na kumweleza huduma ya kwanza niliyotoa, hatua kwa hatua, kama mtu anayesubiri kupongezwa. Aliyageuza mabaki yale kwa muda. Kisha akanichukua pembeni, na nashukuru kwamba hakupandisha sauti.

"Mzee, hizi hazina tindikali. Ndani yake mna kitu cha jamii ya magadi, ila kikali zaidi. Ulimwongezea kilekile kilichokuwa kinamuunguza."

"Nilipaswa kufanya nini?"

"Maji matupu. Mengi, papo hapo, nusu saa. Pengine jicho lingepona."

Jumatatu Malimi alikataa kukaa kitandani. Alikwenda kwenye kampuni na bendeji usoni, mimi nikimshika mkono, barua ikiwa mfukoni mwa shati. Karani aliitazama bendeji, hakuigusa barua.

"Mzee, mwenye jicho moja hatumpi lori."

"Nipe tu nikalizungushe hapo uani," Malimi alisema. "Uone."

"Nimekwisha sema."

Tulirudi kwa miguu. Malori matatu yalitupita, na kila mara aligeuza kichwa chote ili ayaone.

Jicho lilibaki jeupe. Mwaka ukapita, akawa anachunga ng'ombe wa watu kule Mkula, anarudi mara moja kwa mwezi. Na kila aliporudi aliwasimulia watu jinsi Profesa alivyomwokoa. "Bila magadi ya kaka," alisema, "ningekuwa sina yote mawili." Watu walinitazama kwa heshima. Nikala heshima hiyo mwaka mzima, kisha nikashindwa.

Nilimwendea nyumbani kwake mchana mmoja, nikamweleza yote: gundi, balbu ya indiketa, magadi, maneno ya daktari. Alicheka.

"Yule daktari hakuwepo, kaka. Wewe ulikuwepo. Tena wewe ndiye msomi."

"Malimi, maji yalikuwa pale pembeni. Pipa zima. Nilikuzuilia."

Kicheko kikamtoka usoni polepole.

"Kwa hiyo lori," alisema, "ni wewe."

"Ni mimi."

Mkono wake ulitafuta kikombe cha chai upande wa kulia, ukakikosa, ukakirudia.

"Usiniambie tena," akasema mwishoni. "Wabeja, asante kwa kuja, lakini usiniambie tena neno hilo. Nikiliamini nitabaki na nani?"

Sijamwambia tena. Specioza alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwetu akipepeta mchele, na hakuinua kichwa. Yeye alikuwa amejua tangu siku ile, kata ya maji ikiwa mkononi mwake.