Trei za Upande wa Dirisha

Walimwita Kipimo, kwa kuwa hata sukari ya chai aliisawazisha kwenye kijiko kwa kisu. Kazi yake ilikuwa kutunza chumba cha mimea katika kituo cha utafiti. Mkewe alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Binti yao aliolewa mbali, akawa anapiga simu anapokumbuka, na kukumbuka kwenyewe kwa kudonoadonoa. Nyumbani Kipimo aliongea na redio, na redio, kama mnavyojua, haina adabu ya kusikiliza.

Chumbani mlikuwa na trei kumi na mbili za maharage. Sita, upande wa mlango, zilitiwa unga wa mbolea aliouhangaikia mtafiti mmoja, binti kijana, kwa miaka miwili. Sita za dirishani hazikutiwa kitu, zilikuwa za kulinganishia. Udongo mmoja, maji yale yale, taa zile zile, na pazia zito lisifunguliwe kamwe.

"Tukibadilisha mambo mawili kwa pamoja, mzee wangu," mtafiti alimwambia siku ya kwanza, "hatutajua lipi limefanya kazi."

"Mwanangu, hayo nilikuwa nayajua wewe hujaota meno," alijibu Kipimo, wote wakacheka.

Wiki ya sita mtafiti alipima urefu wa mashina, akaketi. Mimea yenye mbolea yake haikuizidi ile ya dirishani hata kidogo. Ijumaa wakubwa wangekaa kikao, na kwa namba hizo kazi yake ingetupwa.

"Miaka miwili, mzee. Bora ningeuza maandazi."

Akaenda kunawa uso. Kipimo alibaki na mimea, na yeye hakutazama namba, alitazama mashina. Yale ya mlangoni yalisimama wima. Ya dirishani yote yalikuwa yameinama kidogo kuelekea kwenye kioo. Yalikuwa yamefuata jua. Jua lile alikuwa ameliingiza mwenyewe.

Kila mchana, wenzake wakienda kula kwa makundi, yeye alivuta kiti hadi kwenye trei zile akafungua pazia. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la fundi cherehani, na mafundi watatu wakitaniana na wateja mpaka uzi unakatika. Yule mnene alikuwa na mazoea ya kusahau tepu shingoni akaitafuta duka zima, na Kipimo akamcheka peke yake, mdomo umejaa mkate. Hawakumjua hata kwa sura. Saa nzima pazia wazi, kwa wiki sita. Hakuona kosa, kwa sababu saa ile hakujiona yuko kazini.

Angeweza kunyamaza. Pazia lilikuwa limefungwa, na mashina hayana mdomo. Miaka thelathini hakuwahi kuharibu jaribio hata moja, sifa hiyo ndiyo pekee iliyombakia, na aliipenda kuliko mshahara. Ila unga wa yule binti mtafiti haukuwa na kosa.

Mtafiti aliporudi, Kipimo alimwonyesha mashina, akamweleza yote bila kuficha kitu. Binti akayagusa moja moja. Hakumgombeza, na hilo lilimuuma Kipimo zaidi.

"Kwa hiyo za kulinganishia zilipata jua," alisema. "Mbolea yangu imeshindana na jua."

"Na haikushindwa. Kaombe wakubwa muda, jaribio lirudiwe upya. Mimi waniweke popote."

Binti alifungua daftari la jaribio akaandika, kisha akamgeuzia asome. Kosa: pazia kufunguliwa mchana. Sababu: uzembe wa mtunzaji. Neno uzembe alikuwa amelikata, akaandika juu yake: kusahau.

Kipimo alisoma mara mbili.

"Sikusahau, mwanangu. Nililifungua kila siku nikijua nalifungua."

"Sasa niandike nini, baba?" Hakuwahi kumwita hivyo. "Ulikuwa unafuata nini pale?"

"Watu," alisema Kipimo. "Andika mtunzaji alikuwa mpweke. Ukiandika kusahau, atakayekuja baada yangu watamkumbusha tu kufunga pazia."

Binti akalikata na neno kusahau, akaandika vilevile alivyoambiwa.