Bastola Mbovu ya Ghala la Pamba

Kija alikuwa amemaliza zamu ya usiku, macho yanamuwasha kwa usingizi, lakini hakutaka kuikabidhi bastola ile kabla hajaitoa risasi. Shimba, mlinzi wa mchana, alisimama kando akimngoja. Nje ya ghala la pamba pale Mkuyuni, foleni ya sukari kwenye duka la ushirika ilikuwa imeshafika barabarani.

"Unafanya nini?" Meneja Venant aliuliza akiingia ofisini.

"Shikamoo, Ndugu Meneja. Natoa risasi. Hiki kitufe cha usalama kimelegea kabisa. Ukikifunga ili bastola isifyatuke, kinafunguka chenyewe. Nilishakwambia."

"Na mimi nilishakwambia nchi haina fedha za kigeni za kununulia vipuri vyako. Mwizi akija atakungoja ujaze risasi? Lete hapa!"

Kija alisita. Tangu msimu wa pamba uanze alikuwa akilalamika, na kila mara aliambiwa afunge mkanda kama Watanzania wenzake. Mkanda wenyewe ndio ulioning'iniza kifo pajani mwake, kila siku ya Mungu. Akainyoosha bastola, mdomo wake ukielekea ukutani.

"Angalia, mzee. Risasi imo."

"Woga tu! Bastola nzima hii!" Venant akaipokonya, akaibamiza mezani.

Ikalia.

Odeta, mama aliyekuwa akipiga deki mlangoni, alikaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, kisha akapiga yowe. Damu ya mguu wake ikachanganyika na maji ya ndoo.

Land Rover ya ghala ilikuwa uani. Dereva akasema petroli iliyomo ni ya kumpeleka meneja mkutanoni. Kija alimporomoshea matusi ambayo hakuwahi kuyatamka mbele za watu, akamlaza Odeta juu ya magunia kwenye mkokoteni, na wapakizi wakausukuma mbio kuelekea hospitali, mama wa watu akimwita Mungu kwa Kijita.

Koplo wa polisi alipofika, Venant alikuwa ameshachana nywele.

"Mlinzi alikuwa anaichezea," alisema.

"Mwongo!" Kija alifoka. "Afande, kaibamiza yeye! Shimba kaona!"

"Nimeona kwa macho yangu," Shimba alisema. "Ni meneja."

"Silaha alikabidhiwa nani?" Koplo aliuliza bila kumtazama Shimba. "Si huyu? Basi." Akamfunga Kija pingu.

Kija alizivuta pingu kwa hasira mpaka zikagongana. Ndugu, ndugu, kila mkutano wanaitana ndugu!

Bastola ilikuwa bado mezani. Koplo akaisukuma kwa kalamu upande wa meneja. "Ghala la umma halikai bila ulinzi. Endeleeni nayo kwanza."

"Shimba, chukua," Venant aliamuru.

Shimba akaficha mikono mgongoni. "Sichukui."

"Unagoma? Nitakufukuza kazi sasa hivi!"

"Nifukuze. Ivae wewe, Ndugu Meneja. Si umesema ni nzima?"

Wapakizi waliobaki, waliokuwa wamejazana dirishani, wakamkodolea macho meneja. Venant akanyoosha mkono. Vidole vilipokaribia mpini vikasita. Akaurudisha mkono, akaufuta kwenye suruali.

"Andika na hilo, afande," Kija alisema. "Andika kwamba ameiogopa."

Koplo akachomeka kalamu mfukoni, akamsukuma Kija nje.