Milioni Moja na Tatu

Kaka yangu hajui kupiga simu bure. Tangu utotoni watu humwita Chaki, maana hata kabla hajawa mwalimu wa hesabu alikuwa akichafua kuta kwa namba. Mwambie "nipigie tu tuongee", atakuuliza: tuongee nini? Mkewe alipofariki hakulia mbele ya mtu. Mume wangu alipofuata, Chaki alikuja, akazika, akakaza bawaba ya mlango wangu, akarudi kwake mbali. Nikabaki na cherehani, meza ya kukatia na nafsi yangu. Wateja wakishachukua suruali zao, ndiyo basi. Upweke unauma, nisidanganye.

Ndipo nikamtega. Tuna mchezo wetu wa siku zote: mmoja anatoa namba, mwenzake anaivunja kwa kutafuta namba ya kuigawa bila kubaki kitu. Ni kalamu na karatasi tu, kikokotoo marufuku, na lazima umpigie mwenzako kumpa taarifa ya ulipofika. Nikampa milioni moja na tatu. Nilishahakikisha kwamba ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe.

Jioni ile ile akapiga.

"Umenipa jiwe, mdogo wangu. Tatu imekataa, saba imekataa."

"Kazi kwako, mwalimu. Au uzee umepanda kichwani?"

"Mzee ni wewe unayebembeleza tundu la sindano."

Akawa anapiga kila jioni. Tukimaliza namba alinipa habari za goti lake, na za jirani anayeimba vibaya akifua. Nilikuwa nafunga kazi mapema nimsubiri. Lakini namba zilipanda, mia tatu, mia sita, na hofu ikaniingia, kwa sababu mwisho ni elfu moja. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Elfu mara elfu ni milioni. Kama namba ile ingegawanyika kwa kitu kinachozidi elfu, jibu lingekuwa chini ya elfu, nawe ungeshalikuta njiani. Ukifika hapo mikono mitupu, weka kalamu chini, umeshindwa.

Juzi akasema, "Mia tisa tisini na saba imegoma." Hiyo ndiyo tasa ya mwisho kabla ya elfu. Nilingoja atamke kwamba mchezo umekwisha. Akakohoa tu, akaniaga.

Jana nilishona zipu nje ndani, nikaifumua, nikakosea tena. Jioni simu ikalia.

"Elfu moja na tisa," alisema Chaki. "Nayo imekataa."

Elfu tumeshaivuka. Mwalimu wa hesabu maisha yake yote! Upande wake hapakuwa na sauti yoyote, hata ya redio. Machozi yalinitoka.

"Jaribu elfu moja na kumi na tatu, kaka," nilisema. "Hiyo huenda ikakubali."

"Huenda," alisema. "Nitakupigia kesho."