Ubao Uko kwa Fundi

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema ili msihangaike kumtafuta. Kwenye uchochoro wetu wapo wengi wenye sifa za kugombea cheo hicho, akiwemo fundi wa kuchomelea anayetazamana na karakana yangu, ambaye aliwahi kujifungia ndani ya geti alilolitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Lakini siku hiyo wote walijitoa, nikapita bila kupingwa.

Mimi ni seremala. Jina langu la uchochoroni ni Kesho, na si la kupewa na wazazi. Mteja akija kuulizia kabati lake namwambia kesho. Akirudi hiyo kesho namwambia tena. Si kwamba nadanganya. Wakati ninapolisema neno hilo naliamini kuliko yeye. Shida ni kwamba kesho ikifika inakuta kazi za juzi zimepanga foleni mlangoni. Mke wangu, ambaye hushona makochi katika chumba cha mbele cha karakana hiyohiyo, husema alinipenda kwa sababu siku tuliyojuana niliahidi kurudi kesho yake, na kweli nikarudi. Anasema ilikuwa mara ya mwisho.

Aliyeniletea ubao ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike, karani wa masijala katika ofisi ya halmashauri. Kabla hajawa karani hakuwa na kazi wala pa kulala, na miezi minane aliishi karakanani kwangu, akilala juu ya maranda na kusoma magazeti ya zamani niliyofungia vioo. Mdogo wangu alikuwa akiniletea chakula cha mchana. Siku moja nikaona bakuli zimekuwa mbili, nikajua yaliyobaki. Kitanda cha harusi yao nilikitengeneza mimi, na hili naomba liandikwe mahali: nilikimaliza siku moja kabla. Alipopata kazi halmashauri uchochoro mzima ulifurahi. Tulisema sasa tuna mtu wetu ndani. Hatukujiuliza huko ndani kuna nini.

Basi asubuhi moja akaja na gari la ofisi, yeye na dereva wakashusha ubao wa matangazo. Ni ule mkubwa wenye mlango wa kioo na kufuli dogo, uliokuwa ukining'inia ukumbini kwao. Fremu yake ya chini ilikuwa imeliwa na mchwa na bawaba moja ilikuwa imekata tamaa. Akaniambia makaratasi yaliyomo ni ya serikali, ufunguo anabaki nao, nishughulike na mbao za nje tu. Nikamwuliza anautaka lini.

"Sina haraka, shemeji," akasema.

Katika miaka yote ya kazi sikuwahi kupata mteja asiye na haraka. Nilipompata, nilidhani ni mapenzi.

Sasa, seremala yeyote anajua namna ya kuweka kitu chenye kioo karakanani. Kioo unakielekeza ukutani na mgongo unatazama watu, ili kipande cha ubao kikiruka kisilete hasara. Nikauegemeza hivyo, nikaufunika gunia, nikaurudia msumeno wangu. Wiki ya pili shemeji akapita kunisalimia, akauliza ubao unaendeleaje, nikamwambia kesho. Akacheka mpaka akashika mbavu. Wiki ya tatu akapita tena. Mke wangu akampa chai, naye akainywa akiwa ameegemea palepale, mgongo wake kwenye mgongo wa ubao, akitusimulia mambo ya bosi wake anayelala vikaoni macho wazi. Tulicheka sana. Nikikumbuka sasa kicheko kile natamani ningekirudisha dukani.

Wiki ya tano, Jumatatu, walikuja watu wawili wa halmashauri na kopo la rangi nyekundu. Walianzia juu ya uchochoro wakishuka mlango kwa mlango, kila mlango msalaba. Walipofika kwa fundi wa kuchomelea, ambaye sisi tunamwita Cheche, akazima mashine yake, akavua kinyago na kuwauliza kama wanatafuta kazi ya kupaka rangi au wamepotea. Mkubwa wao, afisa mipango mwenye sauti ya upole, akatoa karatasi na kutueleza. Uchochoro wetu umebadilishwa matumizi. Zamani ulikuwa eneo la viwanda vidogo. Sasa ni eneo la makazi, yatajengwa maghorofa na maegesho ya magari. Kwa sheria ndogo mpya, kelele, moshi na vumbi la mbao ni marufuku, na mwisho wa mwezi tuwe tumehama.

Tukamwambia tunalipa ada ya karakana kila mwaka, risiti tunazo. Tukamwambia tunalipa na ya taka, ingawa gari la taka tunalisikia tu kama watu wanavyosikia habari za majini. Akasema hilo ni suala la idara nyingine. Cheche akauliza ni nani kati yetu aliulizwa. Afisa akajibu bila hasira kwamba tangazo lilibandikwa ubaoni siku thelathini kamili kama sheria inavyotaka, muda wa pingamizi uliisha Ijumaa, na hakuna hata mmoja aliyepinga. Kama tunabisha, twende tukasome.

Tukaenda. Tulikuwa tisa, kwa miguu, na mimi nikiwa mbele kwa sababu huko nina shemeji. Njia nzima niliwatuliza wenzangu. Niliwaambia kijana amelala kwenye maranda yangu miezi minane, hawezi kuacha jambo kama hili litupite. Lazima kuna makosa, atafungua faili, atayarekebisha. Nilizungumza kama mtu aliyeshika funguo za mji.

Ukumbini tukakuta ukuta. Matundu manne ya misumari na mraba mmoja msafi, mweupe kuliko ukuta uliobaki. Shemeji hakuwepo mezani kwake. Tarishi, mzee wa miwani, alikuwa amekaa kwenye benchi akipanga bahasha. Cheche akamwuliza ubao wa matangazo uko wapi.

"Uko kwa fundi," akasema mzee.

"Fundi gani?"

Mzee akashusha miwani, akatupitia mmoja mmoja, halafu akanionyesha kwa kidevu. "Si huyu hapa?"

Mimi ni mtu wa utani, na utani una tabia ya kunijia hata msibani. Pale haukuja. Wanane walinigeukia, na nikaona katika macho yao hesabu ikifanyika: shemeji yake, ubao wake, siku thelathini. Mimi mwenyewe ningekuwa wao ningepata jibu lilelile. Tukarudi. Wakati wa kwenda nilikuwa mbele, na wakati wa kurudi nilikuwa mbele vilevile, ila safari hii kama anavyokuwa mbele mtuhumiwa.

Karakanani tukaondoa gunia na kuugeuza ubao. Mke wangu akafuta kioo kwa kipande cha kitambaa cha kochi, akasoma kwa sauti. Tangazo lilikuwa katikati kabisa, lenye muhuri na tarehe ya siku ileile shemeji alipoushusha ubao garini. Uchochoro wetu umetajwa, kuanzia kwenye mfereji mpaka kwenye kona ya mashine ya kusaga. Mwisho kabisa iliandikwa kwamba mwenye pingamizi alipeleke kwa maandishi masijala. Yaani mezani kwake yeye.

Siku thelathini tangazo la kunifukuza lilikuwa hatua tatu kutoka mahali ninapopigia randa, likisoma ukuta.

Cheche hakunitania, na hilo liliniuma kuliko tusi. "Kesho," aliniambia taratibu, "ulikuwa unajua?"

Nikasema sikujua. Akaniuliza kama nataka aamini kwamba mtu niliyemlisha na kumwoza hakunidokeza hata neno. Nami nilikuwa najiuliza swali hilohilo. Wengine wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga. Cheche akabaki, akaketi juu ya sanduku la vifaa, akasema anataka kuona mwisho wake.

Mchana shemeji akaja. Nadhani tarishi alimweleza. Alikuja kwa miguu, faili kwapani, akasalimia kama kawaida, na kwa jinsi alivyokwepa kuutazama ubao nikajua hapakuwa na makosa ya kurekebishwa. Alitaka twende pembeni mimi na yeye. Mke wangu, aliyekuwa anapigilia kitambaa kwenye kiti, akamwambia pembeni pamejaa sponji, aseme hapahapa.

Akatoa hati ya makabidhiano. Ilikuwa imechapwa tayari, inasema kwamba mimi seremala niliurudisha ubao halmashauri siku tatu baada ya kuupokea, ukiwa umetengenezwa. Ilikosa sahihi yangu na tarehe tu. Alieleza kwamba ni karatasi ya kujikinga. Sheria inasema tangazo liwe ubaoni, haisemi ubao uwe ukutani, lakini wapo watu wanaoweza kuleta kelele na kutaka mabadiliko yafutwe. Alimtupia jicho Cheche aliposema watu. Kisha akatoa karatasi ya pili, orodha ya viwanja katika eneo jipya la viwanda, nje ya mji. Jina langu lilikuwa la kwanza. La Cheche halikuwepo, wala la mtu mwingine yeyote wa uchochoro. Nikatazama tarehe ya orodha ile. Ilikuwa imeandikwa wiki mbili kabla ya ubao kuja kwangu.

Nikamwuliza kwa nini aliuleta kwangu, na mji una maseremala kumi.

"Wewe ni ndugu," akasema. "Nilitaka kazi ikufikie wewe."

"Yule wa barabara kuu angeumaliza kwa siku mbili."

Akaangalia viatu vyake, viatu vizuri vya ofisi, vikiwa vimeingia vumbi langu. "Angeumaliza," akakubali.

Hapo ndipo nilipopigwa. Watu wameniibia sana katika kazi hii. Nimeuziwa mbao mbichi, nimetoroshewa milango. Nilizoea, unachukua funzo, unacheka, unaendelea. Lakini kasoro yangu hii, ambayo mimi na yeye tuliichekea usiku na mchana wakati hana kitu, sikujua kwamba alikuwa ameiweka akiba. Alinitumia kama ninavyotumia msumeno mimi: kwa kujua meno yake yameelekea wapi.

Aliona nimelegea, akasogea. Akaniambia ameshafika mahali hawezi kurudi nyuma. Hati ile isipowekwa sahihi, wa kwanza kufukuzwa kazi ni yeye. "Na mdogo wako je? Na watoto wetu wanaokuita mjomba? Watakula nini, shemeji?"

Akaniwekea kalamu mkononi, na mimi nikaipokea. Sitaki kujifanya shujaa. Niliishika nikiwaza watoto wale, na nikiwaza kiwanja cha kwanza kwenye orodha, chenye nafasi ya mashine ya kupigia randa niliyoitamani miaka. Nilihisi Cheche ananitazama. Mke wangu alikuwa ameacha kupigilia, nyundo iko juu ya paja. Alinitazama kama anavyotazama mteja anayechagua kitambaa kibaya: mali yako, nyumba yako, utakikalia wewe.

"Shemeji," nikamwambia, "unanijua kwa tarehe. Ukiacha ya kitanda chako, sijawahi kupatia hata moja. Leo ngoja nipatie."

Nikaweka hati juu ya meza ya kazi. Pale palipoandikwa kwamba ubao umerudishwa nikakata kwa mstari, nikaandika juu yake: ubao uko kwangu mpaka leo, haujawahi kurudi. Nikaandika tarehe ya siku hiyo, Jumatatu. Nikatia sahihi, kubwa, ile ya kwenye cheti cha ndoa. Alinyoosha mkono apokee, nikampita nikampa Cheche. Cheche aliisoma akisogeza midomo, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa kifuani wa ovaroli yake na kufunga kifungo. Kisha akaniambia kwamba wenzetu bado hawajafika mbali, na akatoka kuwaita.

Shemeji akaishiwa upole. Akasema mimi ndiye nimemwangusha, ndugu yake mwenyewe, na nimeivunja nyumba ya mdogo wangu kwa ajili ya watu ambao hata kunisalimia wameacha. Akasema yeye ni karani tu. Wanaoamua wako juu, wanaojenga wako juu zaidi, yeye kazi yake ni karatasi, na karatasi alizifanya zote kama zinavyotakiwa. Kwa muda mfupi nilimwona tena yule wa kwenye maranda, nikakaribia kumwonea huruma.

"Mnanitazama kama mwizi," akasema. "Nimeiba nini? Kuna mlango wa mtu nimevunja? Nimechukua hata msumari mmoja humu ndani?"

Mke wangu akachukua nyundo yake, akakivuta karibu kile kiti alichokuwa anapigilia.

"Mwizi hungoja watu walale, shemeji," akamwambia. "Wewe ulingoja tukuamini."