Bonde Lisilo na Uhai

Mhakiki aliyetetemesha watengeneza gemu alikuwa ameshaandika hukumu yake: dunia ya gemu hii inapendeza, ila haina uhai. Gemu yenyewe ingetoka kesho, naye, aliyepewa nakala mapema, aliimaliza mbiombio, kama kawaida yake, ili awatangulie wahakiki wenzake. Akaacha vitufe, akaingia jikoni huku akibwata, "Wametuuzia mbuzi kwenye gunia!"

"Baba Mapacha, hebu njoo!" mkewe akamwita kutoka sebuleni.

Kwenye skrini, shujaa aliyeachwa peke yake alikuwa ameketi nyasini. Ndege akatua begani mwake. Swala wakajitokeza mmoja mmoja, hadi bonde zima likajaa. Mhakiki akasogea karibu. Akagusa kitufe, shujaa akainuka, bonde likabaki tupu.

"Kumbe walikuwepo siku zote," mkewe akanong'ona. "Walikuwa wanakukimbia wewe."