Jiwe Halifi, Linalala

Sijifichi mimi, majivuno ninayo. Na kwa nini nisiwe nayo? Nitajie mwanamke mwingine kati ya Masasi na Newala ambaye redio ikizimika watu wanaibeba mwendo wa saa mbili kumfuata yeye. Hayupo. Ni mimi Stamili, Mama Halfani, binti wa fundi Hamudi wa Mkunya. Wanaume wawili walifungua vibanda vya redio jirani na changu. Wote sasa wanauza nyanya.

Ufundi nimeurithi kwa baba. Mawe ya redio, zile betri kavu za dukani, yakiisha nguvu, wengine waliyatupa. Yeye aliyaanika juani kwenye mkeka, pembeni mwa korosho, akiyageuzageuza mpaka jioni. Yakigoma, aliyatoboa kwa msumari mwembamba, akayadondoshea maji ya chumvi, na redio ikasema siku tatu zaidi. "Jiwe halifi, linalala," ndiyo ilikuwa kauli yake. Aliiandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa kibanda hiki nilichorithi, na kata nzima ikajifunza kwake. Siku tulipomzika, shehe aliitaja kauli ile pale makaburini, nami nikalia kwa uchungu na kwa fahari.

Sasa, tangu kila mwenye lori aruhusiwe kununua korosho, redio kwetu si ya muziki tu. Anakuja mtu wa kangomba, mlanguzi, na bakuli lake, anakupimia korosho zako uani kwako, anakuapia kwamba bei imeanguka. Usipokuwa na redio utajuaje kama anakudanganya? Na mawe mapya hayakai hata wiki mbili. Simu zilipoingia nikaona njia. Betri moja nyembamba ya simu inaendesha redio ya mawe mawili. Ikiisha unaniletea, naichaji kwa sola yangu, unaondoka. Nikashuka Masasi kwa fundi simu mmoja pale stendi, Edmund, nikarudi na kopo zima la betri kuukuu. Nikafungua redio, nikachomelea nyaya, nikaikalisha betri mahali pa mawe. Nilitengeneza redio ishirini na tatu, na hakuna aliyenifundisha. Kichwa changu hiki hiki.

Msimu wa mwaka 2005 ndio umeanza, korosho zinaanguka, akaja Christopher, Baba Esther wa pale pale Mkunya. Alikuwa na redio kwenye mfuko wa rambo.

"Shikamoo Baba Esther."

"Marahaba. Lakini leo sikuja kwa heri, Mama Halfani."

Akaitoa. Upande mmoja plastiki ilikuwa imeyeyuka na kuganda, nyeusi tii, na harufu yake ilikwaruza koo.

"Iliisha nguvu, nikaona uvivu kuja kwako," akasema. "Nikaitoa betri, nikaianika juu ya bati la choo. Ikavimba. Nikasema ahaa, inashiba hiyo. Jioni nikairudisha, nikawasha. Haikupita muda ikalipuka! Mkeka umeungua, nyasi za paa zikashika. Tumezima kwa ndoo mbili za maji ya kunywa."

Kwetu huku juu maji ya kunywa hayamwagwi. Hasira zikanipanda badala ya huruma, ndivyo nilivyo.

"Ebo! Nani kakwambia uanike betri ya simu?"

"Baba yako."

"Baba yangu?"

Akanyoosha kidole juu ya mlango. "Si imeandikwa hapo? Jiwe halifi, linalala."

Jibu nilikuwa nalo tayari mdomoni: kosa lako, nenda zako. Kisha nikakumbuka kwamba Esther hulala kwenye mkeka ule, na ana miaka sita. Nikakumbuka redio nyingine ishirini na mbili, kila moja kwenye nyumba ya mtu aliyefundishwa na baba kuanika, kugonga na kutoboa. Nikamwomba aniachie redio ile.

Kesho yake nilipanda basi la kwanza kwenda Masasi. Edmund alicheka aliponiona nimefura. Nilipomwonyesha ile redio hakucheka tena.

"Mama Halfani, haya si mawe," akasema. "Hii jua ni sumu yake. Usiitoboe, usiigonge, usiikunje, usiitie maji. Ikivimba ndiyo imekwisha, usiichaji tena hata kidogo. Na wewe umefunga betri kuukuu peke yake, huna hata hiki." Akanionyesha kikaratasi kigumu cha kijani chenye nyaya, kidogo kuliko ukucha. "Hiki kinakata umeme betri ikijaa, na kinakata ikiisha mno."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Ulisema wewe binti Hamudi, betri unazijua."

Loo! Ni kweli. Nilisema hivyo, na kidevu nikiwa nimekiinua.

Nikaazima baiskeli. Siku tatu nilizunguka, nyumba ishirini na moja, na kila mlango maneno yalikuwa yale yale: "Nimekosea. Nipe redio, nitakurudishia iliyo salama, na usinilipe kitu." Mzee Yohana akanichokoza: "Leo binti Hamudi kakosea? Ngoja niite mashahidi." Nikamwambia aite. Nilikuta betri moja juu ya paa, nyingine karibu na mafiga, nyingine ina alama za meno ya mtu. Zilizovimba nilizitia kwenye ndoo ya mchanga mkavu, nikaifunga nyuma ya baiskeli, nikapanda huku mgongo unaniwasha kwa hofu.

Redio ya ishirini na tatu ilikuwa ya mama yangu, Bi Rahima, anayekaa shambani Chilangala.

Mama nilimwacha wa mwisho. Nilijiambia yeye ni mke wa fundi, hawezi kufanya ujinga. Uongo mtupu. Nilimwogopa. Tangu baba afariki, redio ile ndiyo inayozungumza naye jioni, na kila akiiwasha huitaja kauli ya marehemu kama dua. Ningemwambiaje kwamba kauli inayomliwaza ndiyo inayoweza kumchoma moto? Siku ya kwanza ningeweza kupita kwake. Sikupita. Siku ya pili niliiona njia ya kwake, nikanyoosha mbele. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilikaribia kuumbuliwa kwa kifo kisicho changu.

Siku ya nne asubuhi nilifika. Mama alikuwa barazani amekaa kwenye mkeka, korosho zimeanikwa mbele yake mpaka uani. Pembeni pana kikombe cha maji ya chumvi. Mkono wa kushoto ameshika msumari, wa kulia jiwe la kugongea. Chini ya msumari, juu ya kipande cha ubao, imelala betri yangu, nene kama andazi.

"Njoo uone, mwanangu!" akaniita kwa furaha. "Nimeianika siku mbili, imenona! Bado kuitoboa tu, kama baba yako."

"Mama, acha!"

Jiwe lilikuwa limeshashuka.

Kwanza ikafoka kama mafuta yaliyoingiwa na maji, ukatoka moshi mweupe. Sikufikiri. Niliupiga ubao kwa kiganja, betri ikaruka uani, na ikawaka kabla haijatua. Moto mkali, unaruka huku na huku kama umetupiwa pepo. Ukashika korosho zilizokuwa karibu, nazo kwa mafuta yao zikaanza kupasuka, pa! pa! Nikanyakua jembe, nikafukia, nikafukia, nikafukia, mpaka pale uani pakawa na kitu kama kaburi la mtoto. Ndipo nikahisi kiganja kinawaka. Ncha ya kanga ya mama ilikuwa imeungua. Mwenyewe alikuwa mzima, ameshika msumari bado.

Majirani walikuja mbio. Nilianguka magotini pake nikalia mbele yao wote, mimi Stamili.

"Ni mimi, mama. Nilikuletea kitu nisichokijua. Nimejua tangu siku nne zilizopita, na sikuja kwako. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kukwambia kauli ya baba haifai kwa hii. Inafaa kwa mawe. Kwa hii ingekuua."

 Mama aliweka msumari chini, akashika mkono wangu uliobabuka, akamwomba jirani maji ya baridi. Alinimwagia taratibu, kikombe baada ya kikombe, wala hakuyaonea uchungu maji.

"Unajua alivyotoboa jiwe la kwanza?" akaniuliza. "Hakujua litafanya nini. Alinitoa mimi nje, na wewe uko mgongoni kwangu. Akatupeleka mpaka kule kwenye mikorosho. Akarudi, akaingia peke yake, akafunga mlango. Alipoona halina madhara ndipo akatuita. Wewe ulianza na watu, mwanangu. Yeye alianza na yeye mwenyewe."

Kipigo kile kiliniuma kuliko kiganja. Lakini kilikuwa cha haki.

Nilirudi Masasi, nikakaa kwa Edmund wiki mbili, mkono umefungwa kitambaa, nikijifunza kama mwanafunzi. Siku hizi natumia betri zisizo na kasoro tu, kila moja na kile kikaratasi chake cha kukatia umeme. Naipima kwa mita, naifungia ndani ya kikasha cha mbao chenye skrubu ili mtu asiitoe. Redio ya kwanza niliyoifunga upya niliichaji, nikailaza juu ya mchanga nyuma ya kibanda, nikakaa nayo peke yangu kutwa nzima, wanangu nimewapeleka kwa jirani. Haikupata hata joto. Hiyo ndiyo ya mama.

Zote ishirini na tatu zimerudi kwa wenyewe. Hakuna aliyekataa yake, hata Baba Esther, aliyeichukua kwa ncha za vidole kama anabeba nge. Na safari hii nasema bila haya: hakuna fundi anayefunga redio kama yangu, kuanzia Newala mpaka Masasi.

Kibanda ndicho kilichonisumbua. Nilinunua rangi nyeupe nifute maandishi ya baba, nikapanda kwenye kigoda, mkono ukagoma. Mama alikuwa amekuja gulioni siku hiyo. Akanitazama, akasema, "Shuka." Akapanda yeye, na miaka yake sabini, mimi na Baba Esther tumemshikilia miguu. Aliomba rangi nyekundu. Kusoma alijifunzia ukubwani, darasa la jioni, na kila herufi aliisema kwa sauti kabla ya kuiandika. Chini ya maneno ya mumewe, JIWE HALIFI, LINALALA, akaongeza yake: BETRI YA SIMU IACHE IFE.

Herufi zimepinda, na S inatazama nyuma. Jana mchoraji wa mabango alinishauri aiandike upya vizuri. Nikamwambia athubutu aone.